Wao wananiuliza nilikuwa wapi

Tangu Jumanne neno la mdogo wangu Idi limenikaa kooni. Ilikuwa saa nane usiku, nimeamka kunywa maji, nikaona mwanga chini ya mlango wake. Nikamwambia, "Bado unacheza michezo mtandaoni na hao watu usiowajua?" Akazima maiki kwanza, wasisikie akigombezwa, akasogeza hedifoni ikaachia sikio moja, akanijibu taratibu: "Dada, wao nikikosekana siku moja tu, wananiuliza nilikuwa wapi." Akairudisha hedifoni sikioni.

Hakusema kwa ujeuri. Angekuwa mjeuri ningelala.

Wiki hii cheo changu kimethibitishwa na shangazi ametoka hospitali, lakini kila nikitulia narudi pale mlangoni. Wao wananiuliza. Mimi namuuliza kama amekula, kama amefunga geti. Basi.

Nilikuwa nimejiandaa kumtolea habari ya Shirika la Afya Duniani, kwamba uraibu wa michezo ya video umo katika orodha yao ya magonjwa, ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 2022. Safari hii nikaisoma vizuri. Wanamzungumzia mtu aliyeshindwa kujizuia hadi maisha yake yakaharibika, kwa kawaida kwa miezi 12 au zaidi. Wingi wa saa peke yake hautoshi. Idi anaamka, anakwenda kazini. Ndipo nikamkumbuka Mats Steen wa Norway, kijana aliyeugua maradhi ya kudhoofika misuli, akafariki 2014 akiwa na miaka 25. Wazazi wake waliamini ameishi mpweke, mpaka barua pepe za waliocheza naye World of Warcraft, mchezo wa mtandaoni, zilipoanza kumiminika. Nililia.

Ijumaa nikabisha hodi, nikaketi kitandani kwake. Kumbe yeye ndiye mponyaji wa kikosi: wenzake wanapigana mbele, yeye yuko nyuma anawarudishia uhai, macho hayabanduki kwenye vile vimstari vya kijani vya uhai wao vinavyopungua. Asipoingia, wenzake saba hawaanzi. Walipopumzika akanivisha hedifoni. Sauti ya msichana ikauliza, "Ndiye dada aliyekuwa anasubiri cheo? Hongera, dada!"

Kumbe ananisimulia huko! Nilikaa mpaka saa saba, namuuliza huyu nani, yule nani, naye ananieleza mmoja mmoja, amechangamka kama zamani.

Mama bado anakohoa. Leo siku ya tisa, na kila nikimgusia habari ya kwenda kwa daktari, yeye anasema ni vumbi tu.