Folda za matRad: kinachofutika na kisichofutika

Kipimo cha mpangilio mzuri ni kimoja: futa folda nzima ya programu, ipakue upya, usipoteze kitu. Kama wazo hilo linakutia hofu, data zako zimekaa pasipo pake.

matRad ni programu huria ya kupanga tiba ya mionzi iliyotengenezwa DKFZ, kituo cha utafiti wa saratani cha Heidelberg, Ujerumani, kwa utafiti na kufundishia, si kwa kutibu wagonjwa. Inaendeshwa ndani ya MATLAB (programu ya hesabu), na inakuja na faili zake za mashine, yaani zenye vipimo vya mashine ya mionzi, kama photons_Generic.mat. Usiziguse. Wapo wanaoifungua hiyo, wakaingiza vipimo vya mashine yao na kuihifadhi kwa jina lilelile. Programu ikipakuliwa upya, faili ya asili huchukua nafasi yake, hesabu inaenda kama kawaida, ila dozi siyo ile, na hakuna onyo. Faili yako iite photons_KliniA.mat: aina ya mionzi, kistari cha chini, jina la mashine. Kisha pln.machine = 'KliniA' itaipata.

Matoleo mapya yana folda ya userdata kwa vitu vyako. Nzuri, lakini iko ndani ya folda ya programu, kwa hiyo inahitaji nakala rudufu yake. Na usiingize diski nzima kwenye njia za MATLAB (orodha ya folda inamotafuta faili) kwa addpath na genpath. Majina mawili yakifanana, MATLAB huchukua lililotangulia kwenye orodha. Ukitilia shaka, andika which photons_KliniA.mat -all.

Majedwali ya HLUT, yanayogeuza namba za Hounsfield (thamani za picha ya CT) kuwa sifa za tishu za kukokotolea dozi, yabebe jina la skana na volteji. Skani ya kV 100 haisomwi kwa jedwali la kV 120. Mfupa ndio hupotoka zaidi, na kwa protoni kosa hilo husogeza mahali miale inapokomea.

Kwa wagonjwa: folda ya msimbo (kamwe si jina la mtu), ndani yake tarehe ya skani, kisha CT (picha), RTSTRUCT (michoro ya viungo), RTPLAN (mpango wa tiba) na RTDOSE (dozi). Kipande cha CT cha pikseli 512 × 512 ni kama nusu MB, kwa hiyo vipande 200 ni takriban MB 100. Skani mbili zisikae folda moja: zote zikianzia IM0001, ya pili inafuta ya kwanza. Wengine hutumia UID, namba ndefu za utambulisho zilizo ndani ya faili hizi, kama majina ya folda. UID moja inaweza kufika herufi 64. Ngazi tatu ni 192, na kikomo cha kawaida cha Windows ni 260 kwa njia nzima.

Unapoondoa utambulisho, pitisha faili zote za mgonjwa kwa mkupuo mmoja. RTSTRUCT huitambua CT kwa UID, si kwa jina la faili. Ukizichakata mbalimbali, kila moja inapata UID zake na michoro ya viungo inabaki bila picha.

Kwenye nakala rudufu weka vigezo vya matRad ct (picha), cst (viungo), stf (miale), pln (mpango) na resultGUI (matokeo), pamoja na namba ya toleo la matRad. dij, jedwali la dozi ya kila mwale mdogo, iache, ni kubwa mno na inakokotoleka upya. Ukilazimika kuihifadhi, tumia save na '-v7.3', kwani kwa muundo wa kawaida kigezo cha kuanzia GB 2 hakiandikwi, na onyo lake hupita haraka kwenye skrini.