Ndoo Iliyokuwa Chini ya Meza

Shangazi yangu anauza mboga Kawangware, Nairobi. Chini ya meza yake palikuwa na ndoo ya nyanya zilizooza, na jirani mwenye nguruwe alipita kila jioni kuibeba bure. Nilimuuliza hasara yake ni kiasi gani. "Kidogo tu," akasema. Mimi nimesomea takwimu. Jibu hilo lilinikera.

Nilianzia kwenye rekodi za M-Pesa, nikapoteza wikendi nzima. M-Pesa inajua kilichouzwa, haijui kilichotupwa. Tena anayenunua nyanya za shilingi 20 mara nyingi hulipa taslimu. Basi nikamnunulia mizani ya jikoni na daftari: kila jioni aandike kilo za ndooni, kreti alizonunua soko la Marikiti alfajiri, na kama mvua ilinyesha. Kuyaingiza kwenye kompyuta ilikuwa kazi yangu.

Baada ya wiki tatu nikajiona mjuzi. Wastani ulikuwa kilo 4.5 kwa siku, nikamshauri apunguze mzigo. Ijumaa hiyo nyanya zikaisha saa 11 jioni, watu hata hawajashuka matatu kutoka kazini, wateja wakavuka barabara kwa mwenzake. "Wewe na kompyuta yako mtanifungia kibanda," akaniambia. Sikuwa na la kujibu.

Nikazipanga upya namba, safari hii siku kwa siku. Kumbe Jumatatu na Jumanne ndizo zilizobeba zaidi ya nusu ya hasara. Jumamosi alikuwa ananunua kreti mbili, zote mbivu, ilhali Jumapili yuko kanisani na hafungui hadi alasiri. Zile za chini zilipasuka kwa uzito wa wenzao.

La pili halikuwa kwenye jedwali kabisa. Nikiwa nimeinama kupima ndoo, niliinuka nikagonga kichwa kwenye ndizi mbivu zilizoning'inia juu ya kreti. Ndizi mbivu hutoa gesi ya ethilini, ambayo huharakisha nyanya kuiva, na usiku kibanda kikishafunikwa turubai gesi hiyo haina pa kwenda.

Siku hizi Jumamosi ananunua kreti moja mbivu na nyingine ya zinazoanza tu kupiga wekundu, na anazitandaza badala ya kuzirundika. Ndizi zimehamia upande wa pili. Ndoo ya Jumatatu imeshuka kutoka kilo 9 hadi 3. Mvua ikishinda inanyesha, hata hivyo, wateja hawatoki na hesabu zangu hazisaidii kitu.

Nilimsomea ripoti ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ambao makao yao yako hapa hapa Gigiri: mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, asilimia 12 ikitoka kwa wauzaji.

"Ndoo yangu waliipima?" akauliza, macho yako daftarini. Alikuwa anachora safu mpya kwa kalamu nyekundu. Juu yake ameandika: dania.