Nilivyomsoma Jenerali Ulimwengu gazeti kwa gazeti

Mwandishi wa safu hasomwi kama kitabu. Makala yake ilitoka wiki fulani, ikijibu jambo ambalo wasomaji wa wiki ile walikuwa wakilizungumza tayari. Kwa hiyo nilipotaka kuelewa namna Jenerali Ulimwengu, mwandishi wa safu wa Tanzania (Jenerali ni jina lake, si cheo), alivyotoka kwenye uandishi wa habari hadi kuwa mtu anayesikilizwa kuhusu Katiba na uongozi, nilikwenda kwenye majalada ya magazeti. Dar es Salaam pa kuanzia ni chumba cha East Africana, chenye machapisho kuhusu Afrika Mashariki, katika Maktaba ya Chuo Kikuu.

Kila toleo nililipiga picha tatu: ukurasa wa mbele wenye tarehe, makala nzima, kisha maandishi kwa karibu. Usikandamize mgongo wa jalada, maana karatasi ya gazeti ikizeeka hukauka na kumeguka pembeni. Penye "inaendelea uk. 12", fungua huko hapo hapo; kipande hicho ndicho kinachosahaulika, na mara nyingi hitimisho la hoja limo humo. Jina la faili lianze na mwaka, mwezi, kisha siku. Ukitanguliza siku, kompyuta itakupangia tarehe mosi za miezi yote pamoja, na mfuatano utavurugika.

Halafu jedwali: tarehe, gazeti, ukurasa, kichwa, tukio linalojibiwa, na swali linaloulizwa. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo yenye thamani. Kichwa cha makala usikitegemee sana, kwani mara nyingi huwekwa na mhariri. Nukuu mwili wa makala.

Bila kujua maisha yake, jedwali halisemi mengi. Alisoma sheria, akafanya kazi ya habari, akawa mbunge. Mwaka 1993 alikuwa miongoni mwa wabunge wa G55, kundi la wabunge 55 waliodai Serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano, na kwa kipindi hicho Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge, isomwe sambamba na magazeti. Alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Habari Corporation, iliyochapisha magazeti ya Rai na Mtanzania. Mwaka 2001 Serikali ikatangaza kwamba si raia. Baadaye akapewa uraia. Ukizipanga makala za kabla na za baada ya mwaka huo, soma polepole kila anapogusa haki ya mtu mbele ya dola. Mimi naamini hapo ndipo uzito wake unapoonekana: anauliza kanuni inayomlinda kila mtu, hata asiye na gazeti la kujitetea.

Makala za Kiswahili za Rai na Raia Mwema nilizitenga na za Kiingereza za The EastAfrican, gazeti linalosomwa Afrika Mashariki nzima. Msomaji wa Nairobi au Kampala anahitaji kuelezwa mambo ambayo wa Dar anayajua, hivyo hoja ileile hubeba mifano tofauti. Zikiwa kwenye faili moja, utadhani amebadili msimamo, kumbe amebadili hadhira.