Siku moja kazini: kuijenga upya Alhamisi ya Rais Carter kutoka kwenye nyaraka

Siku iliyoko mezani ni Alhamisi, 4 Agosti 1977, Ikulu ya Marekani. Siku hiyo Jimmy Carter anampokea rasmi Mwalimu Julius Nyerere, anatia saini sheria ya kuunda Wizara ya Nishati, anapeleka Bungeni ujumbe kuhusu wahamiaji wasio na vibali, na usiku kuna dhifa ya mgeni. Kazi yetu ni kuipanga siku hiyo dakika kwa dakika tukiwa Dar es Salaam, na vifaa ni kompyuta moja, bando la kutosha na daftari. Saa zilizo kwenye vichwa hapa chini ni za kwetu.

Saa 2:00 asubuhi

Maktaba ya Jimmy Carter iliyoko Atlanta, chini ya Idara ya Nyaraka za Taifa ya Marekani, imeweka mtandaoni shajara rasmi ya urais wake, faili moja kwa kila siku. Mtego wa kwanza ni tarehe. Wamarekani hutanguliza mwezi, hivyo siku yetu imeandikwa 8/4/77. Ukiisoma kwa mazoea ya huku utafungua tarehe 8 Aprili, utafute Nyerere mpaka macho yaume. Hiyo ilikuwa Ijumaa Kuu. Sehemu ya juu ya fomu ina kisanduku chenye jina la siku. Kama hakisemi Alhamisi, funga faili.

Halafu hesabu kurasa. Kila ukurasa unajitaja ni wa ngapi kati ya ngapi, na nyuma yake hufuata viambatisho A, B, C vyenye majina ya waliohudhuria. Siku yenye dhifa ya kitaifa, orodha ya wageni huweza kuwa ndefu kuliko shajara yenyewe. Tumia dakika mbili kuhakikisha vyote vimo kabla hujaanza kunukuu.

Saa 2:30

Fomu ina safu chache: saa ya kuanza, saa ya kumaliza, simu, na tendo. Kwenye safu ya simu, herufi P maana yake Rais ndiye aliyepiga, na R maana yake amepigiwa. Watu huzipindua hizi mbili, kisha wanaandika kwamba waziri fulani "aliitwa na Rais" kumbe waziri ndiye aliyekuwa akimtafuta bosi. Mstari wa simu wenye saa ya kuanza tu, bila ya kumaliza, usome mpaka mwisho: mara nyingi unasema simu haikuunganishwa. Hayo si mazungumzo, ni jaribio tu, na kwenye jedwali linaingia kama jaribio.

Jambo ambalo mwanzoni halionekani ni kwamba shajara hii haikuandikwa na Carter wala na katibu wake. Iliandaliwa na mtumishi wa Idara ya Nyaraka aliyepangiwa kazi Ikulu, kwa kuunganisha kumbukumbu za walinzi kuhusu Rais alitoka wapi kwenda wapi, daftari la wahudumu wa makazi, kumbukumbu za waendesha simu na karatasi za ofisi ya miadi. Kwa maneno mengine, ni hati iliyopikwa kutokana na hati nyingine. Inajua sana mwili wa Rais ulikuwa chumba gani. Alichokuwa anakifikiria, au hata alichosema, haikijui. Carter alikuwa pia na shajara yake binafsi, aliyoisimulia kwenye kinasa sauti ikachapwa na katibu. Hiyo ni kitu kingine kabisa, na atakayechanganya hizi mbili atampa karani maoni ya Rais.

Tunafungua jedwali la Excel lenye safu nane: saa ya Washington, saa ya GMT, saa ya Dar, mahali, tendo, nani, chanzo, na kiwango cha uhakika. Saa zote ziandikwe kwa mtindo wa saa 24. "7:15 a.m." ukiiandika "saa 7:15" kwenye daftari la Kiswahili, kesho yake utaisoma kuwa saa saba mchana, na chai ya asubuhi itakuwa imegeuka chakula cha mchana. Andika 07:15, basi.

Saa 4:00

Sasa hotuba. Serikali ya Marekani huchapisha mkusanyiko rasmi wa hotuba na matamko ya kila Rais, na chini ya hotuba nyingi pana maelezo madogo: alianza kusema saa ngapi, tena hadi dakika, na amesimama wapi. Maelezo hayo ni dhahabu, kwa sababu ni chanzo cha pili cha kupimia shajara. Shajara ikisema Rais alitoka nje kwenda kwenye hafla, na mkusanyiko ukisema alianza kuongea dakika kadhaa baadaye, hizo dakika za katikati ndizo za kushikana mikono, nyimbo za taifa na gwaride. Zikikosekana kabisa, au hotuba ikaonekana kuanza kabla Rais hajatoka ndani, mmoja kakosea. Usichague unayempenda, andika zote mbili na uweke alama.

Ila si kila kilichochapwa chini ya tarehe 4 Agosti kilitendeka tarehe 4 Agosti mbele ya macho ya watu. Utiaji saini wa sheria ya nishati, namba 95-91, ni tukio. Ujumbe kuhusu wahamiaji ni karatasi iliyopelekwa Bungeni. Hakuna aliyesimama kuusoma, kwa hiyo usiutafutie mstari kwenye shajara. Ukiulazimisha upate saa yake, umeshaanza kutunga hadithi.

Saa 5:30

Majalada ya Katibu wa Utumishi wa Ikulu, ofisa ambaye karatasi za Rais hupitia kwake, nayo yamepigwa skani na kuwekwa mtandaoni kwa tarehe. Humu ndimo Rais anapoonekana akifanya kazi kwa kalamu. Carter alisoma kupita kiasi, akaandika pembeni, akasahihisha, akatia herufi J. Tafuta mambo matatu kwenye kila ukurasa.

La kwanza ni muhuri unaosema Rais ameiona hati. Bila muhuri huo, na bila mwandiko wake, unachojua ni kwamba hati ilipelekwa tu.

La pili ni tarehe. Waraka wa tarehe 2 Agosti unaweza kukaa kwenye jalada la tarehe 4, kwa sababu jalada hufuata siku karatasi ilipopita mezani, na tarehe iliyochapwa ni ya aliyeuandika.

La tatu ni muhuri mwingine, unaosema nakala imetengenezwa kwa ajili ya hifadhi. Huo si wa mwaka 1977. Ulipigwa baadaye na watunza nyaraka karatasi ya zamani ilipoanza kuchoka. Kuna waliouchukulia kuwa amri ya Ikulu.

Mwanzoni mwa jalada mara nyingi hukaa ratiba ya siku, yenye majina ya wanaoingia asubuhi kama Zbigniew Brzezinski, mshauri wa usalama. Ratiba ni nia, shajara ndiyo matokeo. Ziweke bega kwa bega. Kikao kilichopangiwa dakika 15 kikachukua 40 kinakwambia kitu. Kilichofutwa kabisa kinakwambia zaidi.

Saa 7:00 mchana

Chakula. Hifadhi kazi mara mbili, kwenye kompyuta na nje yake, maana umeme haupigi hodi.

Saa 8:00

Telegramu za Wizara ya Mambo ya Nje. Kanzidata ya Idara ya Nyaraka ina telegramu za miaka ya 1973 hadi 1979, na unaweza kuzichuja kwa tarehe na kwa alama za mada: TZ ni Tanzania, RH ni Rhodesia (Zimbabwe ya leo), OVIP ni ziara za viongozi. Anza na OVIP pamoja na TZ, kuanzia Julai mwanzoni. Maandalizi ya ziara huanza mapema, nayo ndiyo yanayoeleza kwa nini dakika fulani zilitengwa.

Hapa saa ndiyo inayoua. Chukua alama ya namna hii: 042230Z AUG 77. Tarakimu mbili za mwanzo ni tarehe, nne zinazofuata ni saa, na Z ni GMT. Mwezi Agosti Washington iko nyuma ya GMT kwa saa 4, Dar iko mbele kwa saa 3. Kwa hiyo telegramu hiyo ingekuwa imetoka saa 18:30 za Washington, jioni ya Alhamisi, na huku kwetu ingekuwa 01:30, yaani saa saba na nusu usiku, tayari Ijumaa tarehe 5. Tumia saa 4 za majira ya kiangazi. Mwenye kutumia 5 ya majira ya baridi ataona jibu linatangulia swali.

Tarajia mashimo. Baadhi ya rekodi zina kichwa cha habari tu na taarifa kwamba maandishi hayapatikani. Nyingine zinaonyesha kwamba hati ilikuwa ya karatasi na imehifadhiwa kwenye filamu. Iandike namba yake hata hivyo, maana ndiyo utakayoombea.

Halafu usishangae kutokumwona Cyrus Vance mahali unapomtegemea. Waziri huyo wa Mambo ya Nje alikuwa Mashariki ya Kati wiki hiyo. Jina lake likikosekana kwenye kiambatisho, mchapaji hana kosa.

Saa 9:30 alasiri

Kumbukumbu ya mazungumzo ya Carter na Nyerere. Iko kwenye mfululizo rasmi wa nyaraka za mambo ya nje za Marekani, katika juzuu la Kusini mwa Afrika la miaka ya Carter. Hoja kubwa ilikuwa Rhodesia, na ndani yake suala la jeshi: Nyerere alishikilia kwamba jeshi la Zimbabwe huru lijengwe juu ya wapiganaji wa ukombozi. Mapendekezo ya Waingereza na Wamarekani yaliyotangazwa tarehe 1 Septemba yalibeba wazo hilo, ndiyo maana kikao hiki kinasakwa sana.

Soma ukijua kwamba hii ni kumbukumbu iliyoandikwa baadaye na ofisa aliyekuwapo. Si neno kwa neno. Carter hakuwa na mitambo ya kurekodi kama Rais Richard Nixon. Kwa Nixon shajara ni ufunguo wa kanda: tarehe 20 Juni 1972 inaonyesha alikaa na Haldeman, mkuu wa watumishi wake wa Ikulu, kuanzia 11:26 hadi 12:45, na ndani ya muda huo ndipo penye dakika 18 na nusu zilizofutika. Bila shajara, usingejua hata nani alikuwa chumbani. Upande wa pili, ukimya wa kumbukumbu si ushahidi wa ukimya wa Rais: kumbukumbu za simu za Ikulu za tarehe 6 Januari 2021, siku Bunge la Marekani lilipovamiwa, zina pengo la saa 7 na dakika 37, na simu zilipigwa ndani ya muda huo.

Saa 10:30

Karatasi zilizoondolewa. Jalada lenye hati zilizofungwa huwa na fomu mbele inayoorodhesha kila hati iliyoondolewa, tarehe yake, na herufi ya sababu: A ni usalama wa taifa, B ni sheria nyingine au taasisi iliyoiandika, C ni masharti ya hati ya zawadi. Ndiyo, zawadi. Sheria iliyofanya nyaraka za Rais kuwa mali ya umma ilipitishwa 1978 na kuanza na Reagan. Za Carter alizitoa mwenyewe. Kwa hiyo ukituma ombi kwa kutumia sheria ya uhuru wa habari utarudishwa. Unachotakiwa kuomba ni mapitio ya lazima ya hati ya siri, hati moja moja, ukitaja mkusanyo, jalada, boksi, tarehe na kichwa kama kilivyo kwenye fomu. Ombi la "nipeni zote za Nyerere" litakaa.

Saa 11:30 jioni

Magazeti ya huku, hasa Daily News na Uhuru. Hafla ya 10:30 (mtindo wa saa 24) Washington ingekuwa 17:30 Dar, hivyo gazeti la Ijumaa lingeiwahi. Dhifa ya saa 20:00 ni 03:00 alfajiri yetu. Itafute kwenye gazeti la Jumamosi tarehe 6. Wengi hufungua la tarehe 5, wasione kitu, wakahitimisha kwamba magazeti yetu yalinyamaza.

Saa 1:00 usiku

Kusafisha jedwali. Kila mstari wenye vyanzo viwili vinavyokubaliana unapata A, chanzo kimoja B, kukisia C, na C zote zinapakwa rangi ya njano. Mstari wa mwisho ni ule wa Rais kwenda kulala. Dhifa ikivuka saa sita usiku ya Washington, matukio yake hubaki kwenye shajara ya siku iliyoanza, ingawa tarehe imeshageuka. Kwenye safu za GMT na Dar badilisha tarehe kwa mkono, kwa sababu ukiandika saa tu bila tarehe Excel haitakusaidia. Kisha pakua faili la 8/5/77 liwe tayari kwa kesho.