Jinsi nilivyowazuia watoto wasifukue mbegu za maua

Wanangu wawili, wa miaka 4 na 7, walikuwa wanaua maua kwa mapenzi. Tukipanda asubuhi, jioni wameshafukua kuona kama mbegu "zimeamka". Zilizosalimika zilimwagiwa maji mpaka zikaoza.

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Nilichagua petunia, ambayo mbegu zake ni kama vumbi. Mtoto hawezi hata kuzishika. Nikahamia alizeti na zinia. Mbegu ya alizeti inashikika, na shimo lake halihitaji rula: kama sentimita 2 na nusu, kidole kidogo kikizama nusu.

Dawa ya kufukua ikawa glasi. Nilitandaza karatasi yenye unyevu ndani yake, nikachomeka mbegu tatu kati ya karatasi na kioo. Mwenye hamu ya kuchungulia, achungulie pale. Mzizi ulipotoka, mdogo akailaza glasi ubavu kwa siku mbili. Mzizi ukapinda, ukaelekea chini tena! Somo hilo sikulipanga, nikajifanya nililijua.

Kwa maji, nilitoboa kifuniko cha chupa ndogo. Sharti moja: gusa udongo kwanza; ukiwa bado na unyevu, chupa inapumzika.

Alizeti zilichomoza ndani ya siku 10, zinia zikachanua baada ya miezi miwili hivi. Mkubwa huzikata za kupamba meza, nazo zinazidi kutoa matawi na maua. Mdogo bado anafukua, ila siku hizi anatafuta minyoo.