Mtu wa Java nimesalimu amri

Timu yetu ina watu wanne, na wiki nzima tumebishana: programu yetu ya Android tuendelee nayo kwa Java au tuhamie Kotlin? Zote ni lugha za kuandikia programu, zina majina ya visiwa, na zinakaa kwenye mradi mmoja bila kugombana. Mimi ni wa Java tangu chuo. Kilichonigeuza ni NullPointerException moja (kosa la kutumia kitu ambacho ni tupu) iliyoangusha programu saa nane usiku. Mteja hakujaza jina la kati, basi! Kotlin ingenigomea pale pale ninapoandika. Ukitaka kuruhusu utupu, lazima useme String? (String ni aina ya data ya maandishi), na alama yake ya kuuliza. Google nayo inaitanguliza Kotlin tangu 2019.

Msimbo wa zamani tumeuacha ulivyo. Faili mpya, Kotlin. Kujenga mradi, yaani kugeuza msimbo kuwa programu, kunachelewa kidogo, nakunywa chai.