Siku Niliponukuu Ibara ya 196

Wiki iliyopita binti yangu, ambaye yuko mwaka wa kwanza katika kitivo cha sheria, aliniuliza kama ninaifahamu hukumu ya kesi ya Kaunti ya Kiambu, hapa Kenya, kuhusu ushirikishaji wa umma, kisha akanisomea sehemu yake kwa sauti kana kwamba ilitolewa jana. Nilimjibu kuwa ninaifahamu. Sikumweleza ilinikuta nikiwa upande gani, na tangu hapo nimekuwa nikiirejea akilini ile alasiri ya mwaka 2013 tulipoujadili Mswada wa Fedha katika bunge letu la kaunti.

Nilikuwa nimefunga afisi yangu ya uwakili na kuingia siasa; kampeni nitaziruka. Uchaguzi wa tarehe 4 Machi ulikuwa umetukusanya wawakilishi wadi, yaani wajumbe wa bunge la kaunti, wa kila namna: walimu wastaafu, wafanyabiashara, madiwani wa zamani. Wakili nilikuwa peke yangu, jambo lililonipa heshima kwenye kamati na kunifanya nichekwe kwenye kantini. Mswada wenyewe ulipanga ada za masoko, leseni za biashara na maegesho. Wananchi walikuwa wameupata kupitia tangazo dogo gazetini, siku chache kabla haujasomwa mara ya pili, na kikao cha kukusanya maoni kilikuwa kimefanyika katika hoteli ambayo mwenye kibanda sokoni hapiti langoni bila kuulizwa anamtafuta nani.

Nilisimama nikiwa na Katiba mkononi, nimekunja pembe ya ukurasa wenye Ibara ya 196, ile inayolitaka bunge la kaunti kuwezesha wananchi kushiriki katika utungaji wa sheria. Mahakamani nilikuwa nimezoea kuitazama kalamu ya jaji: ikikimbia unapunguza mwendo ili isiachwe nyuma, na ikisimama unajua kwamba hoja yako imefika au imekataliwa. Pale ukumbini sikuona kalamu yoyote. Spika alikuwa ameegemea kiti, macho yake kwenye saa ya ukutani; kiranja wa wengi, anayepanga kura za upande wenye wajumbe wengi, alikuwa akipita safu hadi safu, akiinama na kunong'ona, na kila alipoinuka niliona kichwa kimoja kikitikisika kwa kukubali. Nilipofika kwenye Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 na wajibu wa kuwapa wananchi habari kwa wakati unaofaa, diwani mmoja wa zamani aliyeketi mbele yangu alisimama kwa hoja ya nidhamu.

"Bw. Spika," alisema kwa upole, "wakili wetu anaongea vizuri sana. Ila akumbushwe kuwa hapa hakuna jaji."

Kicheko kilichofuata kilidumu mpaka taa nyekundu ya kipaza sauti changu ikawaka kuashiria kwamba muda wangu umekwisha. Lazima niseme kwamba mzee yule hakuwa mtu wa mzaha mtupu, kwani alipopewa nafasi ya kuchangia alieleza, bila kutazama karatasi yoyote, kwamba Ibara ya 210 hairuhusu kodi kutozwa pasipo sheria, na kwamba tukichelewa kaunti itakosa hata pesa za kuzoa taka. Hoja yake ilikuwa na uzito, ingawa haikujibu yangu. Spika akauliza, sauti za "ndiyo" zikajaa ukumbini, na mambo yakaishia hapo. Nilitoka nikiwaza kuwa jaji akikunyima unachoomba anakuandikia sababu, nawe unaweza kuzibishia kwenye rufaa. Wenzangu hawakuwa na deni hilo kwangu.

Mwezi Aprili 2014 Jaji George Odunga aliibatilisha Sheria ya Fedha ya Kiambu ya mwaka 2013 kwa kukosa ushirikishaji wa kweli, akitaja makanisa, misikiti, mabaraza na redio za lugha za mama kuwa ni mahali ambapo wananchi wangeweza kufikiwa. Muda si muda wafanyabiashara wa kwetu nao wakalishtaki bunge letu. Spika aliniita afisini na kunisogezea hati ya kesi. Miongoni mwa vielelezo zilikuwamo kurasa za hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya bunge, na maneno yangu yalikuwa yamepakwa wino wa njano mstari kwa mstari.

"Wakili, haya ni yako?"

"Ni yangu, Mheshimiwa."

"Basi tunajiteteaje?"

Nilimshauri tusijitetee. Alinitazama kwa muda, akaniuliza iwapo hayo ni maoni ya wakili au ya mwakilishi wadi, nami nikamwambia kwamba upande wowote atakaouchagua gharama za kesi ni zilezile. Tukapatana na walalamishi nje ya mahakama, mswada ukaandaliwa upya, na safari hii tuliupeleka sokoni kwenyewe, ambako tulikemewa chini ya jua hadi adhuhuri. Ulipopigiwa kura, ada zilikuwa karibu zilezile za mwanzo, isipokuwa ya akina mama wanaouza mboga chini, iliyopunguzwa kidogo. Nilisema "ndiyo" pamoja na wenzangu, na hakuna aliyenidai sababu.